Mbegu na Udongo: Historia ya Kinachoizunguka Seli ya Saratani ya Titi

Mwezi wa Julai 1889 Mjerumani Carl Peters aliondoka Witu na msafara wenye bunduki, akaushika mto Tana kuelekea juu, kupitia nchi ya Wapokomo. Alidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Njiani msafara ule uliishi kwa chakula cha wenyeji, na chakula hicho kilitoka mashamba ya ukingoni: mahindi, mpunga, ndizi. Watu wa Kinakomba, kati ya Garsen na Hola ya leo, walilima wakifuata mwendo wa maji, kama jirani zao wa juu na wa chini. Mto ukifurika ulimwaga tope. Maji yakirudi, mbegu ilitiwa ndani ya tope kabla jua halijalikausha. Ukiichukua mbegu ileile ukaipanda nyikani wanakochunga Waorma, ng'ambo ya miti ya mtoni, haikuota, au iliota ikanyauka. Hakuna aliyehitaji kufundishwa hilo.

Miezi minne kabla ya safari hiyo, tarehe 23 Machi 1889, jarida la The Lancet la London lilikuwa limechapisha makala ya daktari mpasuaji mwenye umri wa miaka 33, Stephen Paget. Alikuwa mtoto wa Sir James Paget, yule ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa mmoja wa chuchu alioueleza mwaka 1874. Kijana huyu alikaa na kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akahesabu kila kiungo ambamo saratani ilikuwa imetua baada ya kutoka kwenye titi. Wakati huo wengi waliamini kwamba chembe za saratani huenda zinakopelekwa na damu tu, zikanasa popote mishipa inapokuwa myembamba. Kama ni hivyo, alijiuliza Paget, mbona hazitui sawasawa? Ini lilikuwa na uvimbe wa pili kwa wanawake 241. Bandama, ambayo nayo hupokea damu tele, ilikuwa nao kwa wanawake 17 tu. Mifupa nayo ilikuwa na mpango wake: mingine ilishambuliwa mara kwa mara, mingine ikaachwa.

Jibu lake lingeeleweka Kinakomba siku hiyohiyo. Chembe ya saratani ni mbegu, viungo vya mwili ni udongo, na mbegu husambaa kote lakini humea pale tu inapokubaliwa. Paget hakudai kuwa fikra hiyo ni yake peke yake. Alimtaja Ernst Fuchs, daktari wa macho wa Vienna. Aliwaona wanasayansi wakubwa wa zama zake wakiichunguza mbegu, naye akajiweka katika nafasi ya mkulima anayelima tu, ila akasisitiza kwamba anayeujua udongo naye ana la kusema.

Hakusikilizwa. Mwaka 1928 Mmarekani James Ewing, aliyekuwa na sauti kubwa katika elimu ya uvimbe, alishikilia kwamba njia za damu na limfu zinatosha kueleza saratani inakokwenda. Mbegu ndiyo iliyotawala karne ya 20. Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alikuwa ameonyesha kwamba kitu kidogo kuliko bakteria, ambacho baadaye kilijulikana kuwa virusi, kinaweza kumtia kuku saratani. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1966, baada ya miaka 55. Mwaka 1976 Michael Bishop na Harold Varmus wa San Francisco wakaonyesha kwamba jeni ya saratani iliyobebwa na virusi hivyo ilitoka kwenye seli za kawaida za ndege. Mwaka 1990 Mary-Claire King akaonyesha mahali inapokaa jeni ya saratani ya matiti inayorithiwa, BRCA1. Hizi ni kazi kubwa mno, na anayezibeza hajui anachosema. Lakini ziliwazoesha watu kuamini kwamba ukishaijua seli umeijua saratani.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wa aina nyingine. Kampala, katika miaka ya 1950, wataalamu wa Makerere walianzisha daftari la saratani ambalo ni miongoni mwa makongwe barani Afrika. Mwaka 1958 Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alieleza uvimbe wa taya za watoto, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari maelfu ya maili kusini na mashariki mwa bara hili akiuliza hospitali baada ya hospitali wanauona wapi na hawauoni wapi. Ramani yake ilifuata joto na mvua. Hiyo ilikuwa saratani ya mahali, si ya seli iliyoasi peke yake. Na daftari la Kampala likaonyesha jambo jingine: kiwango cha saratani ya titi kilipanda kutoka takriban wanawake 11 kwa kila 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 22 ilipofika 1995. Jeni za watu hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Maisha hubadilika, uzazi hubadilika, na titi lenyewe hubadilika nayo.

Sasa tuingie ndani ya titi. Maziwa hutengenezwa katika vifuko vidogo sana vilivyo mwishoni mwa mirija, na kila kifuko kina safu ya seli zilizokaa duara, tundu katikati. Chini ya seli hizo kuna utando mwembamba uitwao utando wa msingi, uliosukwa kwa protini kama laminini na kolajeni ya aina ya nne. Nje ya utando huo kuna nyuzi nene za kolajeni, mafuta, mishipa ya damu na seli zinazofuma nyuzi hizo. Vyote hivi visivyo seli, nyuzi na utando na ute ulio baina yake, wanasayansi huviita matriksi ya nje ya seli. Kwa muda mrefu vitabu viliichukulia matriksi kuwa ni kijazio tu cha kushikilia seli zisianguke.

Aliyekataa maelezo hayo ni Mina Bissell. Alizaliwa Tehran mwaka 1940, akaenda Marekani akiwa msichana kusoma kemia, akapata shahada ya uzamivu Harvard katika jenetiki ya bakteria, na mwaka 1972 akajiunga na maabara ya Berkeley, California, iliyo juu ya kilima cha chuo kikuu. Kilichomsumbua kilikuwa jambo ambalo kila mfugaji wa seli alilijua na hakuna aliyelijali: ukitoa seli za titi la panya mwenye mimba na kuziweka juu ya sahani ya plastiki, huacha kutengeneza maziwa. Zina jeni zote zilizokuwa nazo jana. Homoni zinazohitajika unaweza kuzitia. Maziwa hayatoki. Mwaka 1977, hapohapo Berkeley, Joanne Emerman na Dorothy Pitelka waliziweka seli za namna hiyo juu ya jeli ya kolajeni inayoelea, nazo zikarudi kufanya kazi yake.

Mwaka 1981 bwawa la Masinga lilikamilika juu ya mto Tana. Waliokuwa chini, Kinakomba na vijiji vingine vya ukingoni, wakaanza kuona mafuriko ya msimu yakipungua na tope likiwa haba. Mbegu zao hazikubadilika. Mwaka uliofuata, Bissell na wenzake Glenn Hall na Gordon Parry walichapisha makala ya nadharia iliyouliza ni vipi matriksi ya nje ya seli inaongoza kazi ya jeni. Walipendekeza kwamba habari hupita pande zote mbili. Matriksi huigusa seli kupitia vipokezi vilivyo kwenye utando wake wa nje, ujumbe ukaenda kwenye kiunzi cha ndani ya seli hadi kwenye kiini na jeni. Jeni nazo zikajibu kwa kuamuru seli iifume matriksi upya. Vipokezi hivyo vilikuwa havijapewa jina. Mwaka 1986 maabara ya Richard Hynes huko Massachusetts iliviita integrini. Wakati makala ya Bissell inatoka, wengi waliona ni ndoto.

Bissell akavigeukia virusi vya Rous vyenyewe, yaani ngome ya walioamini kwamba mbegu inatosha. Yeye na David Dolberg walividunga kwenye kiinitete cha kuku ndani ya yai. Katika kuku aliyeanguliwa, virusi hivyo huleta uvimbe wa kutisha. Katika kiinitete havikuleta uvimbe, ingawa virusi vilikuwemo na jeni ya saratani ilikuwa ikifanya kazi. Walipozitoa seli hizo na kuzitawanya sahanini, ziligeuka za saratani. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1984. Mwaka 1985 wakaongeza jingine: kuku mwenye uvimbe kwenye bawa moja, akijeruhiwa bawa la pili, hupata uvimbe pale penye kidonda. Jeraha hubadilisha udongo. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona, kwa sababu mwili huufumia nyuzi mpya bila kukoma, kama unavyofanya penye jeraha.

Hatua iliyofuata ilihitaji udongo wa kupandia. Ulipatikana mahali pasipotarajiwa, kwenye uvimbe wa panya uliojaa utando wa msingi kuliko kitu kingine chochote. Kutoka humo Rupert Timpl, George Martin na wenzao waliitoa laminini mwaka 1979, na Hynda Kleinman akatayarisha jeli inayokuwa maji ikiwa baridi na kuganda ikipata joto la mwili. Ukizika seli ndani ya jeli hiyo, zinazungukwa pande zote, kama ndani ya titi. Mwaka 1992 Ole Petersen kutoka Denmark, akifanya kazi na Bissell, alipanda humo seli za matiti ya wanawake, nzima na za saratani. Juu ya plastiki ilikuwa vigumu kuzitofautisha. Ndani ya jeli tofauti ilikuwa wazi kwa siku chache: seli nzima ziligawanyika mara chache, zikajipanga duara kama kifuko cha maziwa, zikaacha kukua; za saratani ziliendelea kugawanyika ovyo, zikawa rundo lisilo na umbo.

Kisha ikaja kazi ya Valerie Weaver wa maabara ya Bissell, iliyochapishwa mwaka 1997. Ndiyo sehemu ya historia hii ninayoona kuwa nzito kuliko zote. Alikuwa na seli za ukoo mmoja zilizotoka kwa mwanamke mmoja wa Denmark: tawi moja lilibaki karibu na hali ya kawaida, la pili likawa la saratani. Hizi za pili zilikuwa na integrini nyingi za aina ya beta 1. Weaver akatia kingamwili inayozizuia integrini hizo zisiishike matriksi kupita kiasi. Seli za saratani zikaacha kukua ovyo, zikajipanga duara, zikajenga upya utando wao wa msingi. Kingamwili ilipoondolewa, zikarudi kwenye fujo. Na zilipodungwa panya baada ya kutibiwa hivyo, uvimbe ulipungua sana. Kasoro zote za jeni zilikuwa bado zimo. Hakuna hata moja iliyorekebishwa. Kilichobadilika ni namna seli inavyoshikana na kilicho nje yake.

Upande wa kusambaa nako udongo ulikuwa umeanza kurudi. Mwaka 1980 Ian Hart na Isaiah Fidler walipandikiza vipande vya mapafu, ovari na figo kwenye paja la panya, kisha wakamdunga seli za saratani ya ngozi. Damu ilifika kote. Uvimbe ulimea kwenye vipande vya mapafu na ovari, haukumea kwenye figo. Paget alipewa haki yake baada ya miaka 91. Mwaka huohuo Lance Liotta alionyesha kwamba seli zenye uwezo wa kusambaa hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni ya utando wa msingi. Hapo ndipo mpaka ulipo: saratani iliyobaki ndani ya mirija haijauvuka utando, na iliyouvuka imeingia njiani.

Ugunduzi huo ulizaa matumaini, na matumaini yakazaa masikitiko. Kampuni ziliunda dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo, mashuhuri ikiwa marimastat. Wagonjwa wa saratani ya titi iliyosambaa walipewa dawa hiyo baada ya matibabu ya kwanza. Matokeo yaliyotolewa 2004 yalionyesha haikurefusha maisha yao, ila iliwaletea maumivu makali ya viungo. Vimeng'enya hivyo vina kazi nyingi mwilini, nyingine njema, na kuvizuia vyote kwa pamoja wakati seli zimekwishatapakaa ni kuchelewa. Wapo walioitumia habari hii kusema kwamba habari ya udongo haina maana. Mimi naona ilionyesha tu kwamba udongo hautibiwi kwa pigo moja.

Weaver, akiwa sasa na maabara yake, aliuliza swali ambalo mkono wa kila mkunga unalijua: kwa nini uvimbe ni mgumu? Mwaka 2005 yeye na Matthew Paszek walipima titi la panya. Tishu ya uvimbe ilikuwa ngumu zaidi ya mara 20 kuliko titi la kawaida. Wakatengeneza jeli laini na jeli ngumu, wakapanda seli nzima. Kwenye laini zilijenga vifuko; kwenye ngumu zilipoteza umbo na kuanza tabia za saratani. Ugumu wenyewe ulikuwa ujumbe. Integrini zinapovuta nyuzi zisizokubali kuvutika, hukusanyika, na kuamsha njia za ukuaji ndani ya seli. Mwaka 2009 kundi lake likaonyesha chanzo kimoja cha ugumu huo: kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni moja kwa nyingine. Walipokizuia katika panya, tishu ilibaki laini na uvimbe ukachelewa kutokea.

Patricia Keely na Paolo Provenzano wa Wisconsin waliangalia nyuzi hizo kwa mwanga wa leza. Kwenye titi zima kolajeni imejikunja. Uvimbe unapokua, nyuzi hunyooka kuuzunguka. Na uvimbe unapojiandaa kutoka, nyuzi husimama wima kwenye ukingo wake, na seli hutoka zikizifuata. Mwaka 2011 kundi hilo lilichunguza tishu za wanawake 196: waliokuwa na nyuzi za wima walikuwa katika hatari ya kufa iliyo kubwa takriban mara 3 kuliko ya wasiokuwa nazo. Hilo linaungana na jambo ambalo madaktari wa picha za eksirei walikuwa wamelisema tangu 1976, John Wolfe akitangulia na Norman Boyd wa Toronto akifuata: matiti yenye tishu nzito nyingi kwenye mamografia yana hatari kubwa ya saratani, mara 4 hadi 6 kwa walio nayo nyingi kabisa ukiwalinganisha na wenye kidogo kabisa. Uzito huo kwa sehemu kubwa ni kolajeni.

Seli zilizobeba historia hii zilitoka kwa wanawake wa Denmark na Marekani. Mwanamke wa Tana hayumo. Kazi imeanza hapa Kenya: Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake walikusanya vipimo kutoka hospitali mbalimbali za nchi na kuonyesha mwaka 2014 kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana saratani isiyo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu vinavyolengwa na dawa, wakati taarifa nyingine za Afrika zilikuwa zimetaja idadi kubwa kuliko hiyo. Hiyo ni habari ya mbegu, na ni ya lazima. Udongo wa matiti ya wanawake wetu, walionyonyesha watoto wengi, walioishi na malaria na kazi ya shamba, unastahili kusomwa kwa darubini zilezile za Wisconsin, na wataalamu wetu wenyewe.

Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya titi na vifo 3,107. Wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshavuka utando zamani. Kwa mtu wa Kinakomba sababu si uzembe. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Hola. Matibabu ya saratani yenyewe yako Garissa au Mombasa, na dawa za kemikali hurudiwa kila wiki chache. Barabara ni ileile inayofuata mto. Katika mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, njia ya Garissa ilikatika pale Madogo. Mto uliolisha watu kwa karne nyingi ukawazuia wagonjwa.

Dawa ya kulainisha udongo wa titi haijafika kliniki yoyote kama tiba ya kawaida. Kinachopatikana leo ni vidole na muda. Ugumu ambao Weaver aliupima kwa chombo, mwanamke anaweza kuugusa akioga. Basi, mama, shangazi, dada wa Kinakomba: ukigusa kigumu kisichokuwepo, hata kama hakiumi, hasa kama hakiumi, au ukiona ngozi imevutwa ndani au chuchu inatoa damu, usingoje msimu wa mvua upite. Nenda zahanati, kisha Hola. Si kila kigumu ni saratani, na kwa macho peke yake hakuna anayejua. Dai kikatwe kinyama kipelekwe maabara, na usiondoke bila kuambiwa majibu yatatoka lini.